Sura ya Pili: Kazi ya Mseto na Ndugu Zake

Tangazo la nafasi ya kazi likisema "utaratibu wa kazi: mseto", mwombaji wa Dar es Salaam au Nairobi bado hajaambiwa kitu cha kumwezesha kupanga maisha yake. Katika ofisi moja maneno hayo yana maana kwamba Jumatatu na Ijumaa utafanyia kazi nyumbani, na siku tatu za katikati utakuwa kwenye meza yako ofisini. Katika nyingine yana maana kwamba mtoto akiugua au fundi bomba akija, mkuu wa idara atakuruhusu ubaki nyumbani, mradi umemwomba vizuri na ameamka na moyo mweupe. Katika ya tatu, ofisi ina meza chache kuliko wafanyakazi, kwa hiyo hakuna namna ila kupokezana. Na ipo ya nne, ambayo nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayowaumiza watu wengi: utafika ofisini saa mbili asubuhi kila siku ya kazi, kisha jioni utaondoka na kompyuta ya mwajiri ili uendelee nayo baada ya chakula cha usiku.

Mtu asiyejua alichoahidiwa hawezi kukidai. Ndiyo maana naanza na maana ya jambo lenyewe kabla ya faida zake.

Msaada wa kwanza unatoka Shirika la Kazi Duniani. Julai 2020, mamilioni ya watu wakiwa wamezuiwa majumbani kwa ajili ya Uviko-19, watakwimu wa nchi mbalimbali walikuwa wakihesabu mambo tofauti kwa jina lilelile, na shirika hilo likatoa mwongozo wa kuwaweka sawa. Msingi wake ni wazo rahisi ambalo mijadala mingi hulipita bila kuliona: kila kazi ina mahali pake pa kawaida, yaani pale ambapo mtu angetegemea kuikuta ikifanyika. Kazi ikifanyika penginepo, yote au sehemu yake tu, hiyo ni kazi ya mbali. Ikiwa inafanyika mbali kwa kutumia simu, kompyuta au chombo kingine cha aina hiyo, ni kazi ya mtandaoni. Kazi yoyote inayofanyika ndani ya makazi ya anayeifanya ni kazi ya nyumbani, hata kama haina uhusiano wowote na ofisi. Na kuna watu ambao nyumba yao ndiyo mahali pao pakuu pa kazi siku zote. Hao nao wanahesabiwa kundi lao.

Pima mwenyewe. Fundi cherehani mwenye mashine yake barazani Mwanza anafanya kazi nyumbani, lakini hafanyi kazi ya mbali, kwa kuwa baraza ndiyo mahali pake pa kawaida. Mhasibu anayefunga hesabu za mwezi akiwa kwa mama yake Moshi anafanya kazi ya mbali, tena ya mtandaoni, ila nyumba ile si yake. Karani wa masjala aliyebeba mafaili kwenda kuyapanga kwake Jumamosi amefanya kazi ya mbali bila kugusa mtandao. Hawa wote hutupwa kapu moja na magazeti yetu.

Katika mgawanyo huo mseto haukutajwa kwa jina. Umekaa ndani ya ile sehemu inayosema kwamba kazi ya mbali yaweza kuwa ya siku zote au ya baadhi ya siku. Basi maana nitakayoishika mpaka mwisho wa kitabu hiki ni hii: kazi ya mseto ni makubaliano ya kudumu kati ya mwajiri na mwajiriwa kwamba wajibu uleule wa ajira utatimizwa mahali pa kawaida kwa baadhi ya siku, na mahali pengine kwa siku nyingine, na siku za aina zote mbili zitahesabiwa kuwa za kazi kamili. Yakiwa makubaliano, hayaombwi upya kila wiki kama ruhusa ya kwenda msibani. Yakiwa ya kudumu, mtu anaweza kupanga shule ya mtoto na nauli ya mwezi akiyategemea. Na siku ya nyumbani ikiwa ya kazi kamili, haimpunguzii mtu mshahara, posho wala nafasi ya kupandishwa cheo. Ukiondoa lolote kati ya hayo, kinachobaki kitafute jina lake.

Historia ya mambo haya husimuliwa kana kwamba ilianza Machi 2020, siku ambazo Rais Uhuru Kenyatta aliwahimiza waajiri wa Kenya wawaruhusu watu wafanyie kazi nyumbani, siku mbili tu baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini humo. Mizizi iko nyuma zaidi. Ni miwili, na yote miwili, jambo ambalo msomaji wa Mbagala au Githurai atalielewa haraka kuliko wengi, iliota kwenye foleni ya magari.

Mzizi wa kwanza uko Ottobrunn, mji mdogo kando ya München, katika Ujerumani Magharibi. Kiwanda cha ndege cha Bölkow kilikuwa na tatizo la kila asubuhi: maelfu ya watu walitakiwa kupita langoni kwa wakati mmoja, na barabara ikaziba. Mwanauchumi Christel Kammerer alikuwa amependekeza utaratibu wa kumwachia mfanyakazi achague saa ya kuingia na ya kutoka, mradi awepo katika saa za katikati ambazo wote wanahitajiana. Yeye alikuwa akifikiria zaidi kina mama waliobaki nje ya ajira wakati viwanda vya Ujerumani vikilia kwa uhaba wa watu. Kiwanda kililifikiria lango. Mwaka 1967 wakaanza. Hakuna aliyebaki nyumbani; kilicholegezwa ni saa.

Mzizi wa pili uko Los Angeles. Jack Nilles, mhandisi aliyewahi kushughulikia mitambo ya mawasiliano ya vyombo vya anga, aliona kichekesho katika jamii inayoweza kuzungumza na chombo kilicho angani huku watu wake wakipoteza saa nzima barabarani ili wakakae mbele ya simu ambayo ingeweza kulia popote. Mwaka 1973, akiwa Chuo Kikuu cha Southern California, alianza utafiti na kampuni moja ya bima. Oktoba mwaka huohuo nchi za Kiarabu zikazuia mafuta yao yasiende Marekani, na swali la safari ya kazini likawa la taifa. Watu wengi hawajui kwamba wafanyakazi wa jaribio lake hawakupelekwa nyumbani. Kompyuta za wakati ule hazikuwa kitu cha kuweka sebuleni. Waliripoti katika ofisi ndogo zilizo karibu na makazi yao. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza wazo la kazi ya mbali halikuwa la kumfungia mtu ndani ya nyumba yake. Lilikuwa la kupunguza umbali, na nyumba ni jibu mojawapo tu.

Sasa ukoo wenyewe unaonekana. Mwajiri anaweza kulegeza wakati, anaweza kulegeza mahali, na anaweza kulegeza kiasi cha kazi. Sheria ya Uingereza inaeleza jambo hili vizuri kuliko vitabu vingi vya menejimenti, kwa sababu imelazimika kulitenda. Mwaka 2003 wazazi wa watoto wadogo walipewa haki ya kuomba mabadiliko katika idadi ya saa, nyakati za kazi, au mahali pa kufanyia kazi; ombi ni la aina moja, milango mitatu. Mwaka 2014 haki hiyo ikapanuliwa kwa waajiriwa wote waliotimiza wiki 26 kazini, na tangu Aprili 2024 mtu anaweza kuomba tangu siku ya kwanza ya ajira. Ni haki ya kuomba na kujibiwa kwa sababu za msingi. Mwajiri bado anaweza kukataa. Hata hivyo inamfundisha mfanyakazi kuwa mseto ni chumba kimoja katika nyumba kubwa.

Kwetu vyumba vingine vipo pia, na vingi vimekaa gizani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 21, inaruhusu makubaliano ya maandishi ya kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku, muda wa chakula ukiwemo, bila malipo ya ziada, ilimradi siku zisizidi tano na saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Maana yake, mtu na mwajiri wake wanaweza kukubaliana siku nne ndefu na siku tatu za mapumziko. Sheria hiyohiyo inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili ndani ya siku ya kazi kwa ajili ya mtoto. Kampuni ngapi zinamwambia mama hivyo anaporudi kutoka likizo ya uzazi? Kisha kuna kupunguza kiasi, kwa mtu kufanya nusu ya saa kwa nusu ya mshahara, au wawili kugawana nafasi moja, mmoja asubuhi na mwingine mchana. Kwa mishahara ya kwetu njia hii ni ya wachache, na sitaikalia.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Rwanda. Novemba 2022 baraza la mawaziri la nchi hiyo liliamua kwamba kuanzia Januari 2023 saa rasmi za kazi ziwe saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na saa za wiki zishuke kutoka 45 hadi 40. Masomo shuleni yangeanza saa mbili na nusu. Na saa moja, kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi, ikafanywa ya unyumbufu: mfanyakazi anaweza kuitumikia kazi akiwa nyumbani au popote, kisha saa tatu awe mahali pake. Mzazi ampeleke mtoto shule bila kukimbizana na kitabu cha mahudhurio. Je, huu ni mseto? Kwa maana niliyoiweka, hapana. Siku zote tano mtu anafika kazini. Ni saa nyumbufu iliyochanganywa na punje ya kazi ya mbali. Lakini serikali iliyoamua hivyo ilianza na asubuhi ya familia, ndipo ikaja kwenye ratiba ya ofisi, na mpangilio huo wa fikra ndio ninaotamani uigwe kuliko saa zenyewe.

Kutokana na haya linafuata jambo ambalo huwashangaza mameneja: kazi ya mseto inaweza isiwe na unyumbufu hata chembe. Mwajiri akisema Jumanne na Alhamisi nyumbani, uwe mtandaoni saa mbili kamili, kamera iwake, na siku haibadilishwi, mfanyakazi amepata sehemu mbili za kazi na hajapata uamuzi wowote. Jirani yake anayekwenda ofisini siku tano lakini akachagua kuingia saa moja na kutoka saa kumi ana uhuru mkubwa zaidi. Swali la kuuliza ni nani anayeshika kalamu ya ratiba. Wengine humwachia mwajiri peke yake, wengine humwachia kila mtu ajipangie. Mimi naona kalamu ikae kwa timu. Siku ya ofisini haina thamani kama umevumilia foleni ya saa mbili kutoka Kimara ili ukae kwenye chumba kitupu uongee kwa video na wenzako waliobaki majumbani. Watu wanaohitajiana wakubaliane siku zao za kukutana, na siku hizo ziwe za yale yanayohitaji uso kwa uso: kumfundisha mgeni, kusuluhisha ugomvi, kubishana juu ya mpango mpya mbele ya ubao.

Narudi kwa yule wa nne, anayekwenda ofisini kila siku na kubeba kompyuta jioni. Siku hizi ofisi nyingi humpa mtu kompyuta ya kubeba, bando la mwezi na nafasi katika kundi la WhatsApp la idara, na kuviita vitu hivyo utaratibu wa kisasa wa mseto. Saa tatu usiku bosi anaandika, "Naomba ile ripoti kabla ya kesho asubuhi." Alama mbili za buluu zinaonyesha umesoma. Nani atathubutu kunyamaza? Kazi hiyo ina jina lake katika sheria: ni saa za ziada, na saa za ziada zina kikomo na malipo. Kuiita mseto ni kumnyima mtu haki yake mara mbili, kwanza siku ya nyumbani ambayo hakuipata, pili malipo ya usiku aliotoa. Ufaransa iliona mapema; tangu 1 Januari 2017 kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zinatakiwa kujadiliana nao kuhusu haki ya kutoshikwa na simu na barua pepe za kazi nje ya saa za kazi. Waajiri wetu hawahitaji kungoja sheria kama hiyo. Wanahitaji tu kuandika katika makubaliano ya mseto saa ambayo siku inaisha.

Je, mseto unafanya kazi? Ushahidi ninaouamini zaidi unatoka China, katika kampuni moja ya huduma za usafiri, kwa majaribio mawili yaliyoachana kwa muongo mzima. Kampuni hiyo, Ctrip, iliongozwa na James Liang, mfanyabiashara ambaye pia ni mwanauchumi, na akafanya kitu ambacho viongozi wengi hawana ujasiri nacho: aliacha bahati iamue. Mwishoni mwa 2010, wafanyakazi 249 wa kituo cha simu Shanghai waliokuwa tayari na waliotimiza masharti waligawanywa kwa tarehe za kuzaliwa. Kundi moja lilifanya kazi nyumbani siku nne na kuja ofisini siku ya tano, kwa miezi tisa. Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walikuta utendaji wa kundi la nyumbani umepanda kwa asilimia 13, sehemu kubwa kwa sababu watu walipumzika mara chache na waliugua siku chache. Waliokuwa wakiacha kazi walipungua kwa nusu. Lakini jaribio lilipoisha, karibu nusu ya waliokaa nyumbani waliomba kurudi ofisini. Upweke uliwachosha, na kwa utendaji ule walioonyesha, walikuwa wakipandishwa cheo kidogo kuliko wenzao walioonekana na wakubwa kila siku.

Watu hulitaja jaribio hilo kama ushindi wa kazi ya nyumbani. Ukilipima kwa maana yetu, lilikuwa mseto tangu mwanzo, mseto ulioegemea sana upande wa nyumba, na kilichowashinda watu ni uzito wa upande huo.

Jaribio la pili lilifanyika 2021 hadi 2022, kampuni ikiwa sasa inaitwa Trip.com, na safari hii lilihusu wahandisi wa programu, watu wa masoko na wa fedha: jumla 1,612. Nusu walipewa Jumatano na Ijumaa nyumbani kwa miezi sita. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2024. Idadi ya walioacha kazi ilishuka kwa theluthi moja, hasa kwa wanawake, kwa wasio mameneja na kwa wanaosafiri mwendo mrefu. Tathmini za utendaji, zilizofuatiliwa kwa miaka miwili, hazikuonyesha tofauti yoyote, na kupandishwa vyeo hakukuonyesha tofauti pia. Mameneja walioulizwa kabla walidhani utendaji ungeshuka kwa asilimia 2.6, baada ya kuishi nao walisema umepanda kwa asilimia 1. Siku mbili nyumbani, tatu na wenzako, na ile adhabu ya kutoonekana ikatoweka. Tofauti ya siku nne na siku mbili ndiyo inayonifanya nisisitize kwamba kiwango cha mchanganyiko ni sehemu ya maana ya mseto, kama vile kiasi cha chumvi kilivyo sehemu ya mchuzi.

Afrika Mashariki tunaongeza masharti yetu. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, Seacom na EASSy, zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda kwa siku kadhaa. Siku ya nyumbani ikawa siku ya kutazama duara linalozunguka. Makubaliano mazuri yanasema nini kinafuata hapo, na vilevile umeme ukikatika mtaani wakati ofisi ina jenereta. Yanasema nani analipia bando na luku. Na yanakubali ukweli ambao wakubwa wenye vyumba vya maktaba husahau: kijana anayeishi chumba na sebule na wadogo zake wawili Tandika huenda asitake siku ya nyumbani hata bure. Kwake ofisi ndiyo mahali penye utulivu, feni na maji ya kunywa. Nyumba ya kupanga yenye wapangaji sita, redio tatu na koki moja uani si tawi la ofisi. Hapo ndipo lile wazo la Nilles, ofisi ndogo karibu na watu, linastahili kufufuliwa. Benki au halmashauri yenye jengo Mbezi au Kitengela ina vyumba vinavyokaa vitupu.

Yote haya yanawahusu wachache. Mwaka 2020 wanauchumi Jonathan Dingel na Brent Neiman walikadiria kwamba asilimia 37 ya kazi za Marekani zingeweza kufanyika nyumbani kabisa, na kwamba sehemu hiyo hupungua kadiri nchi inavyokuwa maskini. Shirika la Kazi Duniani mwaka huohuo liliweka kadirio la dunia nzima kwenye asilimia 18 hivi. Mlinzi, mpishi wa shule, dereva wa mwendokasi, muuguzi: hakuna siku ya Jumatano itakayowafanya watende kazi yao kutoka sebuleni.

Hapa ndipo kuujua ukoo mzima kunapolipa. Hospitali ikidhani unyumbufu ni mseto na basi, itampa mhasibu wake siku mbili nyumbani, itamwambia muuguzi wa wodi ya wazazi kwamba kazi yake hairuhusu, na chuki itaanza kwenye foleni ya chai. Lakini kazi ya muuguzi inakataa mahali tu. Wakati haijaukataa. Anaweza kupewa ratiba ya zamu ya mwezi mzima kabla mwezi haujaanza, badala ya kupigiwa simu Jumapili jioni. Anaweza kubadilishana zamu na mwenzake kwa saini zao wawili na ya msimamizi wa wodi, bila kupanda ngazi mpaka kwa katibu wa hospitali. Anaweza, akitaka na kwa maandishi, kufanya zamu nne ndefu na kupata siku tatu na watoto wake. Akinyonyesha, anaweza kupewa zile saa mbili bila kuzilipia kwa aibu. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji kompyuta wala bando. Afisa utumishi anayeandaa sera ya mseto kwa ajili ya ghorofa ya utawala aandike ukurasa wa wodi kwanza, siku hiyohiyo, na aupeleke kwa mkurugenzi ukiwa juu.